Walimaliza kilo 400, hakuna aliyekaa: kisa cha wabanguaji korosho wa Newala

Daftari la mahudhurio la kikundi hiki lina ukurasa mmoja ambao nimeurudia mara nyingi kuliko kurasa zake zote. Ni wa tarehe 29 Mei. Mweka hazina ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa: TUMEMALIZA, ALHAMDULILLAH. Akapiga mistari miwili chini yake. Mstari unaofuata, mwandiko uleule, kalamu imegeuka bluu: "30 Mei. Oda ya pili. Waliofika 17."

Hapo kati ya nyekundu na bluu ndipo kikundi kilipoumia, na mimi nilichukua wiki kadhaa kupaona. Niliacha ukarani wa chama cha msingi cha wakulima miaka mingi iliyopita, na tangu hapo nazunguka Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, kukagua vitabu vya vikundi vya kina mama. Nimezoea kutafuta fedha iliyopotea. Katika kisa hiki hakuna senti iliyopotea, kila shilingi ilikuwa mahali pake, na bado kikundi kilikuwa kinakufa. Nakisimulia kwa ruhusa yao, bila majina yao wala jina la kijiji, kwa sababu naamini kinatokea kwenye vikundi vingi na wengi tunakisoma vibaya kama nilivyokisoma mimi.

Wiki sita za kilo 400

Kikundi kina wanawake 19, banda la bati, mashine sita za kubangulia za mkono na tanuri moja la kuni. Katikati ya Aprili walipata oda kubwa kuliko zote walizowahi kupata: kilo 400 za korosho nzima, nyeupe, kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, zipakiwe mwisho wa Mei.

Asiyejua kubangua anaweza kudhani kilo 400 ni magunia machache tu. Kilo moja ya korosho ghafi haitoi hata robo kilo ya kiini, na katika hivyo viini sehemu kubwa hupasuka. Ili kupata kilo 400 za nzima, kina mama hawa walipitisha mikononi mwao zaidi ya tani mbili na nusu za ghafi. Kwanza hupangwa kwa saizi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Kisha huchemshwa kwa mvuke ganda likauke na kuwa jepesi kuvunjika, zikalala usiku kucha zipoe. Ndipo zinabanguliwa moja moja, zinaingia tanurini kwa saa nyingi, zinatoka, zinamenywa lile ganda laini la ndani kwa kisu kidogo na kucha, zinachambuliwa madaraja, zinafungwa.

Na ganda la korosho lina mafuta yake. Ni meusi, mazito, na yanaunguza. Wenye glavu huvaa, na glavu zikitoboka hupaka majivu au mafuta ya kula mkononi kabla ya kushika. Mmoja wa wabanguaji alinionyesha vidole vyake: ngozi ya ncha imebanduka na kurudi mara nyingi kiasi kwamba simu ya mguso haimtambui. Akitaka kupiga, humpa mwanawe ambonyezee.

Aprili ile mvua haikutaka kuondoka. Kuni zilikuwa mbichi, tanuri linatoa moshi kuliko joto. Umeme ukakatika siku mbili mfululizo wiki ya mwisho, mashine ya kufungia pakiti ikasimama, na ulipowaka saa nne usiku waliitana kwa simu wakarudi bandani. Ulipokatika tena wakachambua kwa tochi za simu hadi karibu na alfajiri. Mama mmoja alifiwa na mkwewe wiki ya nne, akakaa matanga siku tatu, siku ya nne alikuwa kwenye mashine yake. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyekuwa anapanga saizi. Alikaa kwenye mkeka kuanzia saa moja asubuhi, anachambua korosho ghafi kwa kuzipima tu kiganjani.

Tarehe 29 Mei lori dogo lilikuja likapakia, likaondoka baada ya swala ya alasiri. Kina mama walisimama barabarani wakalitazama mpaka vumbi likatulia. Kisha wakasubiri. Mwenyekiti alikuwa pembeni kwenye simu, anahangaikia dereva na vibali. Alipokata simu alisema, "Kesho saa mbili wote tuwe hapa." Wakatawanyika.

Kesho yake saa mbili aliwasomea oda ya pili: kilo 500, mwisho wa Julai.

Kilichoharibika

Fedha ya oda ya kwanza iliingia tarehe 10 Juni, karibu milioni nane. Deni la ghafi likalipwa, kila mmoja akapata ujira wake kwa kilo alizofanya, kiasi kikaingia mfukoni mwa kikundi. Yote yako kwenye vitabu, safi.

Halafu mahudhurio yakaanza kushuka. 17, 15, 14. Kufikia wiki ya kwanza ya Julai walikuwa wanafika 11, na Ijumaa na Jumamosi wakati mwingine saba. Ugomvi ukaanza kwa vitu ambavyo Mei hakuna aliyevitazama: nani amechukua sabuni, nani amepewa glavu mpya, kwa nini fulani anakaa karibu na dirisha. Mweka hazina, aliyekuwa anashika ufunguo mmoja kati ya mitatu ya sanduku, aliuweka mezani siku moja na kusema amechoka, watafute mwingine.

Jambo la kitaalamu zaidi, na ambalo ndilo lililonifanya niitwe, lilikuwa mipasuko. Kwenye oda ya kwanza, katika kila kilo kumi za viini, tatu hivi zilipasuka. Kwenye oda ya pili zilikuwa zinakaribia tano. Bei ya kipande si bei ya korosho nzima, kwa hiyo kila siku walikuwa wanapoteza fedha huku wakifanya kazi ileile.

Nilianza na mashine. Labda visu vimekwisha makali. Visu vilikuwa sawa. Nikaangalia uchemshaji, nao ulikuwa sawa. Mwisho nikaenda kwenye mkeka wa kupanga saizi, na mkeka ulikuwa umekunjwa ukutani. Bibi hakuwa amekuja tangu katikati ya Juni, na hakuna aliyekaa mahali pake. Korosho kubwa na ndogo zilikuwa zinaingia kwenye mashine pamoja. Kisu kilichowekwa kwa kubwa kinaikosa ndogo, kilichowekwa kwa ndogo kinaichana kubwa mpaka kiini. Siri yote ya mipasuko ilikuwa hiyo. Kazi ya bibi haikuwa na kilo za kuhesabika kwenye daftari. Yeye habangui, hamenyi, hafungi, kwa hiyo alipoondoka daftari halikuonyesha pengo lolote.

Nilivyokosea

Naliandika hili bila kulizunguka. Nilipoona mahudhurio, nilishauri faini. Shilingi 2,000 kwa siku kwa asiyefika bila taarifa, ikatwe kwenye ujira. Mwenyekiti aliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa inalingana na alivyokuwa anafikiri yeye: watu wamepata fedha, wamelegea.

Wiki iliyofuata wawili zaidi hawakuja kabisa. Mmoja alituma faini yake ya siku tatu kwa mtoto, noti zimekunjwa kwenye karatasi ya daftari, na ujumbe mmoja: "Mwambieni mjomba nimelipa."

Wananiita mjomba. Kwetu Wamakonde mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye anayeitwa nyumba ikiyumba. Ujumbe ule uliniingia. Mjomba aliyeitwa kusuluhisha alikuwa amefika na fimbo.

Nikarudi kwenye daftari, safari hii nikiwa na kalenda ya kijiji pembeni. Juni na Julai huku ni miezi baada ya mavuno ya chakula, shule zina likizo, na ndiyo miezi ya unyago. Nikaulizia ngoma zilikuwa lini na wapi. Karibu kila pengo la Ijumaa na Jumamosi lilikaa juu ya ngoma ya mtu fulani, kijiji kile au cha jirani. Wanawake waliokuwa hawaji kubangua walikuwa wanacheza sindimba.

Mwenyekiti aliposikia alisema, "Si nilikwambia? Wanakula starehe." Nilikaribia kukubaliana naye. Kilichonizuia ni kukumbuka nilichokiona kwenye ngoma moja ya Jumamosi nilikopita jioni. Yule mama wa vidole visivyotambuliwa na simu alikuwa somo, yaani mlezi, wa mwali mmoja. Alipoingia uwanjani jina lake liliimbwa, mwanamke mwingine akamvisha khanga mabegani, mwingine akamtia noti kichwani, vigelegele vikapanda. Watu walimtunza kwa sababu mwali aliyemlea alikuwa amemaliza. Mama huyohuyo alikuwa amebangua korosho wiki sita mfululizo, lori likaondoka, akaambiwa kesho saa mbili.

Mcheza kwao hutunzwa. Bandani kwao hakutunzwa, basi alikwenda kucheza kwingine.

Upande wa mwenyekiti

Ingekuwa rahisi kumfanya mwenyekiti ndiye mkosaji, na wapo waliofanya hivyo. Nilikwenda kumwona nyumbani, jioni, na baridi ya Julai juu ya uwanda huu wa Makonde si ya kudharau. Alikuwa amejifunika khanga mbili. Aliniambia jambo ambalo kikundi kizima hakikulijua.

Msimu wa 2017/18 bei ya korosho ghafi mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mtwara na Lindi nzima zilikuwa hazijaona fedha kama ile. Kaka yake, mwenye shamba zuri la mikorosho, aliamua kuwacheza watoto wao wawili unyago kwa namna ambayo kijiji kisingeisahau. Ng'ombe, spika za kukodi, siku saba za ngoma, sare za khanga kwa ukoo mzima. Yeye mwenyekiti alikuwa mpishi mkuu. Alifurahi, na aliniambia kwa sauti kwamba alifurahi kweli.

Mwezi Machi walikuwa wanakopa unga. Salfa ya kupulizia mikorosho hawakuweza kununua, na mkorosho usiopuliziwa, ugonjwa wa ubwiri unga hula maua yake. Kwa kukwama, kaka yake akauza korosho za msimu uliofuata zikiwa bado maua, kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayelipa mapema kwa bei ya kutupa. Msimu wa 2018/19 ulipofika, wakulima wakagomea bei za mnadani, serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na nyumba ile haikuwa na korosho ya kuuza hata moja iliyo yao. Mtoto mmoja wa wale waliochezwa aliacha shule.

"Mjomba," aliniambia, "mimi nikisikia neno sherehe, nasikia harufu ya ule unga wa kukopa."

Hofu hiyo ni ya haki. Kila msimu huku tunasikia viongozi wakionya juu ya fedha za korosho kuishia kwenye ngoma, na hawasemi uongo. Mwenyekiti alikuwa ameapa kwamba fedha ya kikundi haitaliwa hata kwa chai, na kiapo hicho ndicho kilichokifikisha kikundi kwenye oda ya kilo 400. Kosa lake, ninavyoliona mimi, ni kwamba kwake sherehe ilikuwa ya namna moja tu, ile ya siku saba. Kwa kuwa hiyo ilimuumiza, alifuta hata ile ya muda wa saa mbili tu. Na pengo halikubaki tupu. Watu waliokaa bila kutajwa walichukua ujira wao wakaupeleka kwenye ngoma za wengine, wakatunza na kutunzwa huko. Fedha aliyokuwa anailinda kwa kiapo ilitoka vilevile, ikatokea mlango wa nyuma.

Alinikatalia hoja hii siku ile. Aliniambia nifikirie tena. Nami nikamwomba jambo moja tu: tuitishe kikao, na ndani ya kikao oda ya pili isitajwe.

Kikao

Walikuja 14, na bibi akiwa mmoja wao, baada ya kufuatwa nyumbani na mimi na mwenyekiti pamoja. Tulimsalimia, akaitika, akatukalisha kimya muda mrefu, kisha akachukua mtandio wake.

Niliuliza swali moja: katika wiki zile sita, unaikumbuka siku ipi? Nilitegemea majibu mafupi. Tulianza saa tisa, tukatoka jua linazama.

Mmoja aliikumbuka trei iliyoungua, kilo kumi na mbili zikageuka kahawia, na jinsi mwenzake aliyekuwa zamu alivyotaka kuzilipa kutoka mfukoni na wakamkatalia. Mmoja aliukumbuka usiku wa tochi, kwamba aliimba, na hajawahi kuimba mbele ya watu. Yule aliyefiwa alisema siku ya nne aliporudi alikuta ghafi zake za siku tatu zimebanguliwa na kuandikwa kwa jina lake. Mpaka siku ya kikao hakujua ni nani alifanya. Mama wawili waliangalia chini, na kila mtu akajua.

Mwenyekiti alikuwa anasikia mengi ya haya kwa mara ya kwanza. Wiki zile zote yeye alikuwa barabarani na kwenye simu, anatafuta lori, vifungashio na mnunuzi asiyegeuka.

Zamu ya bibi ilipofika alisema, "Wanangu, wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi juani nilikaa. Sasa hicho kivuli chetu kiko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti ndiye aliyesimama, akasema, "Bibi, kivuli nimekinyima mimi." Akawasimulia habari ya mwaka 2017, yote, mpaka unga. Nilimheshimu sana siku ile.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya fedha, na yalikuwa makali. Wapo waliotaka sare. Wapo waliotaka kwenda Mtwara mjini, wapande gari asubuhi, wakae ufukweni Shangani, warudi. Mwenyekiti alitaka chai na vitumbua. Mweka hazina, ambaye alikuwa amekaa nyuma kama mgeni, ndiye aliyetoa jawabu: sehemu moja kwa mia ya fedha ya oda, isizidi hata shilingi, na iamuliwe siku oda inapokubaliwa, kabla mtu hajajua kama kutakuwa na faida kubwa au ndogo. Kwa oda ya kilo 400 ilikuwa shilingi 80,000. Hapo ndipo nilipoona mwenyekiti analegea mabega. Sherehe yenye mpaka ulioandikwa mapema haikuwa ile aliyoiogopa.

Wakaongeza la pili, na hili naliona kubwa kuliko la fedha: siku hiyo oda mpya haisomwi. Hata kama ipo mkononi, hata kama mnunuzi anapiga simu. Na faini yangu ikafutwa kwa kauli moja, nami nikiwa nimekaa pale pale.

Ijumaa ya Agosti

Walikaa Ijumaa moja mwanzoni mwa Agosti baada ya swala, zaidi ya miezi miwili tangu lori liondoke. Hawakukaa ndani ya banda. Walitandika mikeka chini ya mkorosho mkubwa ulio nyuma yake. Wali, kuku watatu, kisamvu cha karanga, na ming'oko, viazi vya porini, ambayo mmoja aliileta kutoka kwao bila kuombwa.

Mimi na mweka hazina tulikuwa tumepitia daftari usiku uliotangulia na kutoa kazi ya kila mmoja. Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu daftari linajua kilo peke yake. Bibi hana kilo. Aliyekuwa akichota maji hana kilo, na huku kwetu uwandani maji hayachotwi mlangoni. Ilibidi tuulize nyumba kwa nyumba nani alifanya nini kisichoandikwa. Mwenyekiti akaisoma orodha akiwa amesimama, jina moja moja, na aliyetajwa alisimama pia. "Ulipanga saizi ya tani mbili na nusu kwa kiganja chako. Nusu ya mipasuko tuliyoikwepa ni yako." Bibi aliposimama, yule mama wa vidole alivua khanga yake akamtupia mabegani, na kuanzia hapo kila aliyetajwa akatunzwa, kwa khanga, kwa noti ya mia tano, kwa kigelegele.

Mwisho bibi akamgeukia mwenyekiti. Alisema kuna mtu hayumo kwenye orodha. Ikajulikana hapo kwamba mwenyekiti aliweka cherehani yake rehani ili wapate vifungashio, na mpaka siku ile hakuwa ameigomboa. Alifunika uso kwa mtandio. Wakamtunza yeye kwa muda mrefu kuliko wote.

Jambo moja la siku ile nisingependa lipotee. Mwenyekiti alikuwa ametenga kilo mbili za korosho nzima, zile kubwa za daraja la juu ambazo hufungwa na kwenda zake. Alizimwaga kwenye sinia katikati ya mkeka. Nikaona mikono inasita. Miaka mitano wamebangua, na wanachokula wao ni vipande, nzima ni za mnunuzi. Bibi alichukua moja, akaitazama pande zote. Halafu kwa kucha ya kidole gumba akaipasua kwenye mstari wake, ikawa nusu mbili, ndipo akaitia mdomoni. Msichana aliyekaa karibu akacheka, "Bibi, mbona umeivunja?" Bibi akasema, "Nimezoea." Akachukua ya pili. Hiyo aliitia nzima.

Yaliyofuata

Wiki iliyofuata walifika 15, na mkeka wa kupanga saizi ukatandikwa. Mipasuko ilirudi chini ndani ya siku chache, jambo ambalo nalisema kwa tahadhari: aliyeishusha ni bibi kwa viganja vyake, na kilichomrudisha bibi ni kikao. Wanne hawakurudi kazini. Wawili kati yao wamejiunga na kikundi kingine, mmoja amehamia Masasi kwa mwanawe, wa nne anasalimia kwa mbali. Mweka hazina alirudi kwenye daftari lakini ufunguo amekataa mpaka leo, na sidhani ni sahihi kumlazimisha.

Cheti cha ushiriki wa maonyesho ya Nanenane, ambacho kikundi kilipewa kwenye viwanja vya Ngongo kule Lindi, kilikuwa sebuleni kwa mwenyekiti mwaka mzima. Wenzake wengi hawakuwahi kukiona. Kimehamishiwa bandani, juu ya tanuri. Moshi umeanza kukitia manjano na hakuna anayelalamika.

Oda ya pili haikwenda vizuri. Ilichelewa, ikapakiwa mwisho wa Agosti, na mnunuzi akapokea kilo 360 tu. Kilo 140 zilirudishwa, nyingi zikiwa za Juni na Julai, zile za mkeka uliokunjwa. Hapo makubaliano yao mapya ya kikao yakapata mtihani ambao hatukuufikiria tulipoyaandika. Je, kwa oda iliyorudishwa mnakaa? Wengine walisema ni aibu kukaa. Zamani ningemtarajia mwenyekiti, yule wa kiapo, aseme hivyohivyo.

Alisema wakae. Moja kwa mia ya kilichopatikana, kama ilivyoandikwa, kuku wasiwepo. Walikaa chini ya mkorosho uleule, ambao sasa ulikuwa umeanza kutoa maua, kwa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Orodha ilisomwa. Safari hii ilikuwa na kilo 360 zilizopokelewa na kilo 140 zilizorudi, na mwenyekiti alizisoma zote mbili kwa sauti moja. Alipofika kwenye zile 140 alisema, "Hizi ni za kwangu kwanza, kisha ni zetu." Aliyekuwa zamu ya tanuri akasema na za kwake zimo. Wakamalizia chai.

Mnunuzi alipiga simu wakiwa bado mkekani. Mwenyekiti aliitazama simu inavyoita, akaigeuza uso chini juu ya mkeka, akaomba amiminiwe kikombe kingine.